Mleta uzi, usizime hiyo Defender: jibu kwa anayetaka kuweka antivairasi iliyokrakiwa

Mkuu usifungue hilo faili.

Nimesoma swali lako lote. Mna laptopu mbili za Windows na simu za familia nzima, unataka antivairasi ya kulipia maana unaamini za bure ni za kubahatisha, umepata moja ya jina kubwa imeshakrakiwa, yaani imechezewa ili itumike bila kulipia, imekuja kwenye zipu yenye pasiwedi, na maelekezo yanasema hatua ya kwanza zima Defender, ile antivairasi inayokuja na Windows yenyewe. Halafu ukauliza je simu nazo zinahitaji, na je ukiweka mbili pamoja ulinzi unaongezeka. Mengine tutayafikia, ila hiyo hatua ya kwanza imenitoa jasho na ndiyo imenifanya niandike.

Sheria yangu ni moja na nitairudia mpaka mnichoke: kitu chochote kinachokutaka uzime ulinzi kwanza ndipo kiingie, kisiingie. Hata kama umepewa na rafiki, hata kama chini yake kuna maoni mia ya watu wanashukuru, hata kama mwenye video anakuonyesha kwenye mashine yake kinapiga kazi safi.

Kwetu iliingia hivyohivyo. Fundi aliyekuja kutuwekea Windows upya alikuwa na flashi yake ya programu, ndani kuna antivairasi ya kulipia, anasema hii ni fulu, haiishi muda. Alipoibonyeza tu Defender ikaikamata, onyo likatokea kona ya chini ya skrini. Nikamuuliza hii vipi, akanijibu bila hata kugeuka, "Hiyo kawaida bosi, Microsoft hawapendi krak ndio maana wanaziita virusi, tunaizima mara moja tu." Akaingia kwenye setingi akazima ulinzi, akaweka folda nzima kwenye orodha ya vitu visivyokaguliwa, akabonyeza tena, ikapita. Ikaja ikoni ya kijani pembeni ya saa imeandika umelindwa. Nikamlipa akaondoka.

Jioni likatokea dirisha la Windows Update, asilimia zinapanda taratibu, feni inavuma. Nani anashtuka kuona Windows inajiapdeti? Tukaiacha iendelee. Lile dirisha lilikuwa feki mkuu, limewekwa pale makusudi ili usishangae kwa nini mashine inahema na diski inafanya kazi kama kichaa, huku nyuma yake kirusi kinapita folda kwa folda kinafunga faili moja baada ya jingine. Na diski ya nje ambayo ndiyo tulikuwa tunaiita bakapu ilikuwa imechomekwa, maana fundi aliitumia kuhamishia vitu na hakuna aliyekumbuka kuichomoa.

Asubuhi mke wangu anafungua folda ya picha, ikoni zote nyeupe. Jina la picha lipo, .jpg ipo, halafu mwishoni umeongezwa mkia wa herufi nne zisizo na maana yoyote. Picha za mama kabla hajafariki, za mtoto siku amezaliwa, hesabu za biashara ya mke wangu, vyote mkia ni huohuo. Na kila folda unayofungua unakuta faili linaitwa _readme.txt. Ndani wanakwambia bei ya ufunguo ni dola 980, ukiwatafuta ndani ya saa 72 wanakupunguzia nusu iwe 490, na unaruhusiwa kuwatumia faili moja wakufungulie bure ili uamini wanao ufunguo, ila faili hilo lisiwe la maana sana. Wameandika kwa adabu kabisa, kama huduma kwa wateja. Nilikaa nimeshika kichwa.

Wanaojua mambo haya watakuwa wameshaitambua. Inaitwa STOP, wengine wanaiita Djvu, familia ya virusi vya kuteka faili iliyosambaa sana kuanzia 2018, na njia yake kubwa ya kuingia kwa watu wa kawaida haikuwa barua pepe wala udukuzi wa kwenye sinema, ilikuwa ni krak. Krak za Windows, za Office, za programu za kuhariri picha, za magemu, na ndiyo, za antivairasi. Waliolenga makampuni makubwa walikuwa wengine. Hawa walilenga mimi na wewe, mtu wa nyumbani anayetafuta kitu cha bure usiku.

Nikasema nitafute msaada kwenye mtandao, tovuti za usalama hazifunguki. Nabadilisha brauza, hazifunguki. Kumbe kirusi kimeandika majina ya tovuti hizo kwenye faili la hosts la Windows ili mashine isiweze kuzifikia. Ikabidi nitumie simu. Nikajaribu kurudisha matoleo ya zamani ya faili ambayo Windows huwa inayahifadhi yenyewe, yamefutwa yote, nayo ni kazi ya kirusi hichohicho. Kampuni ya Emsisoft ilitoa programu ya bure ya kufungulia mwezi Oktoba 2019, inashughulikia aina 148 za kirusi hiki, watu wengi sana walipona kwa hiyo. Ya kwetu ilikuwa ya baadaye. Hizi za baadaye zikipata intaneti wakati zinafanya kazi, kila mashine inapewa ufunguo wake peke yake na ufunguo unabaki kwao. Kama intaneti ingekuwa imekatika wakati ule kungekuwa na matumaini, kwa sababu hapo kinatumia ufunguo mmoja kwa watu wengi, na huo ukishajulikana wote mnapona. Intaneti ilikuwepo.

Tulichookoa ni video kadhaa ndefu tu, kwa kuwa ili kiende haraka kirusi kinafunga kilobaiti 150 hivi za mwanzo za kila faili na kuacha zilizobaki, kwa hiyo video kubwa inaweza kutengenezwa ukiwa na video nyingine nzima iliyorekodiwa kwa kamera ileile. Nyaraka na picha ndogo zinafungwa karibu zote, hapo hatukupata kitu. Hatukulipa, na hata leo sijutii kutolipa, ila picha za mama sina.

Na haikuishia hapo, hii ndiyo sehemu watu hawaijui. Krak hizi mara nyingi zinabeba na mzigo wa pili, mwizi wa pasiwedi. Anakusanya kila ulichohifadhi kwenye brauza, barua pepe, mitandao ya kijamii, vyote, anatuma kwao. Wakati sisi tunalia na picha, akaunti ya mke wangu ilikuwa inaomba hela kwa ndugu kwa jina lake. Shangazi yake alituma. Mpaka tunakuja kugundua tumeshagombana na nusu ya ukoo, na hakuna programu ya kufungulia hiyo.

Sasa huyo fundi. Nilimpigia, akaniambia labda mtoto alibonyeza kitu. Mtoto! Na wale wa video wanaoweka linki ya kudaunlodi kwenye maelezo na pasiwedi ya zipu chini yake, nao nina hasira nao sana, maana wanajua wanachofanya. Unajua kwa nini zipu inawekwa pasiwedi? Hakuna siri yoyote mle ndani. Ni ili antivairasi isiweze kuchungulia ndani yake wakati inashuka. Na unajua kwa nini wanakuomba WEWE uzime Defender kwa mkono wako? Kwa sababu tangu 2019 Defender ina kinga inayozuia programu nyingine kuizima kimyakimya. Kirusi kikijaribu kuizima chenyewe kinagonga ukuta, kwa hiyo anatafutwa mtu mwenye ruhusa zote, mwenye nyumba, aibonyeze mwenyewe. Hayo maelekezo uliyopewa ndiyo shambulio lenyewe, faili ni mkia tu.

Utaniambia mbona kuna krak zinaitwa virusi na hazidhuru. Ni kweli zipo, Defender inazipiga alama hata kama hazina sumu. Na hapo ndipo mtego ulipo: onyo la krak safi na onyo la krak yenye sumu kwenye skrini yako yanafanana, mzoefu umeshajifundisha kuyapuuza yote, basi siku ya sumu huna namna ya kujua. Nimeona watu wenye elimu zao za kompyuta wameingia hapohapo.

Na kwa antivairasi ni mbaya mara mbili. Hii ni programu inayopewa madaraka ya juu kuliko zote kwenye mashine, inasoma kila faili, haizimiki ovyo. Kuweka iliyochezewa na mtu usiyemjua ni kumwajiri mwizi awe mlinzi na kumkabidhi funguo zote. Halafu krak nyingi ili zisigundulike zinaizuia isiwasiliane na seva za kampuni yake, seva zilezile inazopokelea taarifa za virusi vipya. Kwa hiyo hata ikiwa safi, baada ya muda unabaki na ikoni ya kijani tu.

Ipi basi uweke? Kwa nyumbani, iliyopo. Defender imo ndani ya Windows kama antivairasi kamili tangu Windows 8 ya 2012, huilipii, inajiapdeti, na kwenye vipimo vya maabara za AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria inakaa na za kulipia bila aibu. Udhaifu wake ni kuwa inategemea sana intaneti, mashine ikiwa nje ya mtandao inakamata vichache zaidi. Ukitaka ya kulipia lipia kihalali, au chukua toleo la bure la kampuni inayojulikana kutoka kwenye tovuti yao wenyewe. Lakini nazo za bure soma masharti: Avast mwaka 2024 walikubali kulipa dola milioni 16.5 huko Marekani kwa kesi ya kuuza taarifa za watu wanachotembelea mtandaoni, wakati walikuwa wanajinadi wanawalinda. Mbili kwa pamoja hapana, zinagombania faili zilezile. Ukiweka nyingine Defender inakaa pembeni yenyewe, wewe usiiguse.

Na apdeti za Windows ni ulinzi kuliko hata antivairasi. WannaCry, kirusi kingine cha kuteka faili, ilipolipuka Mei 2017, apdeti ya kuziba tundu ililopitia Microsoft walikuwa wameitoa tangu Machi. Kama laptopu zako bado ni Windows 10, msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo hilo ndilo la kuhangaika nalo kabla ya kutafuta jina la antivairasi.

Simu kwa kifupi. iPhone antivairasi haiwezi kukagua aplikesheni nyingine, mfumo hauruhusu, zinazouzwa kwa jina hilo zinafanya mambo mengine. Android inayo Play Protect tayari, ulinzi wa Google wenyewe. Hizi za kujazia humo kuwa nazo makini: 2014 kulikuwa na moja inaitwa Virus Shield, imeuzwa karibu dola 4, imedaunlodiwa zaidi ya mara 10,000, watu wa Android Police, tovuti ya habari za Android, walipoipasua wakakuta kazi yake yote ni kubadilisha picha ya ngao kutoka alama ya X kuwa tiki ukiigusa. Basi. Na 2019 AV-Comparatives walipima aplikesheni 250 za antivairasi za Android, ni 80 tu zilizokamata zaidi ya asilimia 30 ya virusi walivyoziwekea bila kusingizia zilizo safi. Nyingine zilikuwa zinajikamata zenyewe, maana zilikuwa na orodha ya majina yanayoruhusiwa na mwenye kuitengeneza alisahau kuandika jina lake. Kwenye simu tatizo kubwa ni faili za APK, yaani aplikesheni zisizopitia Play Store, za kutumiwa kwenye WhatsApp na Telegram, "ikigoma zima Play Protect kwanza." Umeona? Sentensi ileile! Ikikuomba na ruhusa ya ufikivu, ile iliyowekwa kusaidia wasioona vizuri, ukaikubali, inasoma skrini yako na kubonyeza kwa niaba yako, hadi ndani ya aplikesheni ya benki.

Leo hii fanya hivi: futa hiyo zipu, hakikisha Defender imewaka na orodha ya visivyokaguliwa haina kitu usichokiweka wewe, nakili picha zako kwenye diski ya nje na ukimaliza ICHOMOE, iweke kabatini.

Na kama umeshaifungua kabla hujasoma hapa, kata intaneti sasa hivi, chomoa diski na flashi zote, usibadilishe pasiwedi yoyote ukiwa kwenye mashine hiyo, tumia simu, anza na barua pepe maana hiyo ndiyo inafungua akaunti nyingine zote. Usifute faili yaliyofungwa, yahifadhi, funguo wakati mwingine zinapatikana hata baada ya miaka. Angalia tovuti ya No More Ransom, ilianzishwa 2016 na Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya), polisi wa Uholanzi na makampuni ya usalama, ni bure. Halafu weka hapa mkia ulioongezwa kwenye majina ya faili, nitakusaidia kuangalia kama wa kwako una dawa.