Riale ya Maria Theresa mtandaoni: kabla hujatuma pesa

Ndugu yangu wa Wete, nimekuelewa: umeona riale ya Maria Theresa, ile sarafu ya zamani ya madini ya fedha, mtandaoni, muuzaji anaapa ni ya 1780 kweli, na mnada unafungwa keshokutwa.

Huo mwaka usikubabaishe. Maria Theresa, malkia wa Austria, alifariki 1780, lakini riale ziliendelea kupigwa chapa zikiandikwa mwaka uleule, Vienna, London, Bombay na kwengineko, mpaka zama zetu hizi. Nyingi ni fedha halisi, ila si adimu. Lipa bei ya madini yake na kidogo juu, basi.

Mwombe picha ya ukingo, si ya uso tu. Ya kweli ina maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka. Ukiona ukingo mtupu au alama ya kuunganishwa, achana nayo. Uzito ni gramu 28 na nukta kidogo, upana milimita 40 hivi. Sumaku peke yake haitoshi, kwani shaba nayo hainasi. Ikifika, mpelekee sonara aipime.

Akikupa riale ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ya 1299 Hijria (1882), hiyo ni adimu hasa. Bila ya cheti cha mtaalamu wa sarafu, mimi nisingeigusa.

Mnadani, kikomo chako kihesabu pamoja na ada ya mnada, posta na ushuru. Usitume pesa moja kwa moja kwenye simu ya mtu usiyemjua. Lipa kwa njia inayoruhusu kurudishiwa.

Na ukishaipata, tafadhali usiisugue kwa ndimu. Iking'ara vile, wanunuzi wa sarafu wataikimbia.