Animesheni inamwagika madirishani? Anza na ukuta kwanza

Mkuu, umesema klipu za video unazo na animesheni umeshatengeneza, ila ukizimulika kwa projekta kwenye ukuta wa jengo zinamwagikia madirishani na nguzo zinakata nyuso za watu, sasa unauliza ununue projekta gani. Nimefanya kazi hizi miaka kadhaa, na kwa maelezo yako projekta haina kosa. Animesheni ilitangulia, ukuta ukafuata. Geuza mpangilio huo.

Weka projekta pale itakapokaa siku ya onesho, uikaze, miguu ya stendi uiwekee alama ya utepe sakafuni. Marekebisho ya kunyoosha picha yaliyomo ndani ya projekta yazime, yanapunguza pikseli bure. Kisha fungua MadMapper au Resolume Arena, programu za kupanga picha za projekta zifuate maumbo ya ukuta, toa skrini nyeusi tupu, na uchore mistari myeupe kufuata kila ukingo wa dirisha, nguzo na mlango. Mwenzako ashike mausi, wewe simama ukutani kabisa. Kwa mbali mstari unaonekana umekaa sawasawa. Ukisogea unakuta umetoka nje ya fremu kwa upana wa kidole. Usiuache. Kidole hicho kimoja ndicho kinachomfanya mtazamaji aone video iliyobandikwa badala ya jengo linalosogea.

Mchoro ukikamilika, uhifadhi kwa vipimo vilevile vya projekta, tuseme 1920 kwa 1080. Hicho ndicho kiolezo chako: kiweke tabaka la chini kwenye programu ya animesheni kama After Effects au Blender, kila kitu kichorwe juu yake. Kwa kuwa kimechorwa kupitia lenzi ya projekta yenyewe, kinalingana na ukuta kuliko picha ya simu uliyopiga ukiwa umesimama pembeni.

Klipu zako usizitupe. Kila moja itafutie umbo linaloifaa. Disneyland, bustani ya burudani ya Marekani, walishafanya hivyo tangu 1969 kwenye jumba lao la Haunted Mansion: filamu ya nyuso za waimbaji inamulikwa juu ya sanamu za vichwa, na sanamu zinaonekana zinaimba kweli. Sura imekaa mahali pa sura. Mtu wako anayetembea mpitishe nyuma ya nguzo, apotee, atokee upande wa pili. Hapo ndipo watu hushangilia, niamini.

Halafu tumia nyeusi bila woga. Projekta haiwezi kutoa weusi. Pikseli nyeusi ni sehemu isiyopewa mwanga. Madirisha yakifunikwa kwa nyeusi, yale yanayobaki yanang'aa zaidi machoni.

Kuhusu mwangaza, piga hesabu kabla hujatoa hela. Lumeni 3000, yaani mwanga wote unaotoka kwenye projekta, kwenye picha ya mita 4 kwa 2.25 ni kama laksi 333, yaani lumeni 333 kwa kila mita ya mraba. Ongeza upana uwe mita 8, kimo nacho kinaongezeka maradufu, eneo linakuwa mara nne, unabaki na laksi 83 hivi. Taa ya nje ikiwa inawaka karibu, hiyo imeliwa yote. Mara nyingi kuzima taa moja kunasaidia kuliko kubadilisha projekta.

Kama kompyuta inakwamakwama, toa video kwa kodeki (mfumo wa kubana video) ya HAP. Faili zitakuwa kubwa, lakini kadi ya picha inazifungua kirahisi.

Tupia hapa picha ya huo ukuta, pamoja na umbali wa projekta, tuangalie nguzo za kuanzia.