Kutoka kutengeneza bit hadi muziki wa filamu na gemu: mambo ya kazi yenyewe

Mkuu, umesema una kompyuta, kibodi na uzoefu wa kupiga bit za bongo fleva, na sasa unataka kutunga muziki wa filamu na gemu. Umeuliza uanzie wapi na ununue nini. Kununua tulimalize haraka: Reaper (programu ya kurekodi na kupanga muziki) unaijaribu siku 60 bure, leseni ya mtu binafsi ni dola 60, na inacheza video ndani yake. Ongeza hedifoni za maana na diski ya ziada. Basi.

Prodyuza wengi wanaohamia huku hawakwami kwenye melodi. Wanakwama kwenye makabidhiano: faili haziendi na picha, hazijatenganishwa, mkataba haupo. Mwongozaji humrudia mtu ambaye faili zake zinaingia mahali pake bila kupigiana simu usiku.

Kwenye filamu, usitunge kabla mhariri hajafunga picha, yaani amemaliza kukata na kuongeza. Mwombe akutolee video nyepesi yenye taimukodi (saa inayohesabu hadi fremu) juu ya picha, mazungumzo chaneli ya kushoto na muziki wa muda, yaani ule wa kushikia nafasi, chaneli ya kulia, ili huo wa muda uweze kuuzima. Klipu ghafi za simu zikatae: simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayopandashuka, na sauti huachana na picha kidogokidogo. Weka projekti 48 kHz, biti 24, na kasi ya fremu ileile ya mhariri. Hapa ndipo watu wanaumia. Ukiweka fremu 24 kwa sekunde na picha ni 23.976, baada ya dakika 10 umeshapishana kwa sekunde 0.6 hivi, mlango unabamizwa, ngoma yako inagonga pembeni. Nayo faili ya sauti ya 44.1 kHz ikisomwa kama ya 48 bila kubadilishwa, inakimbia na kupanda karibu nusutoni moja na nusu.

Kisha kaeni na mwongozaji mtazame filamu yote, muandike kila kyu (kipande kimoja cha muziki) inaanzia wapi, inaishia wapi, na ipo kwa sababu gani. Kyu isiyo na sababu ifutwe. Bongo movie nyingi zimepigwa kinanda mwanzo mwisho hadi huzuni ya kweli ikifika haina pa kukaa. Zipe namba: 1m2 ni sehemu ya kwanza, kipande cha pili. Chini ya mazungumzo kaa mbali na eneo la 1 hadi 4 kHz, maana ndilo linalofanya maneno yasikike vizuri. Ukijaza filimbi pale, fundi wa miksi atakushusha mpaka upotee, na atakuwa na haki.

Unapokabidhi, toa stemu (faili za makundi ya ala yaliyotenganishwa) 4 hadi 6 za WAV (ngoma, besi, nyuzi, ala za asili na kadhalika), zote zianze sekunde ileile na ziwe na urefu mmoja. Jina la faili lijieleze, pamoja na taimukodi inapoanzia: 1m2_Sokoni_v3_01-04-12-10_Nyuzi. Ondoa limita (kifaa cha kubana vilele vya sauti) kwenye masta, vilele visivuke -6 dB. Kupima: panga stemu zote kwenye projekti tupu, weka na miksi kamili uliyoigeuza fezi (mawimbi yake juu chini, ili yafute yanayofanana nayo). Ukipata kimya, zimekamilika. Ukisikia kitu, hicho ndicho ulichosahau kutoa.

Gemu ni habari nyingine. Mchezaji anaweza kukaa chumba kimoja sekunde 5 au nusu saa, hivyo unatunga lupu, yaani kipande kinachojirudia bila kukatika. Kwa tempo 96, baa 16 za 4/4 ni mapigo 64, sekunde 40 kamili, sampuli 1,920,000 kwa 48 kHz. Chagua tempo zinazotoa namba nzima namna hiyo. Kasoro inayosikika kuliko zote ni mkia wa mwangwi kukatwa lupu inaporudi mwanzo. Dawa yake: panga kipande mara mbili mfululizo, toa sauti ya vyote, kisha kata ubaki na mzunguko wa pili peke yake; mwanzo wake umeshabeba mkia wa ule wa kwanza. Usitoe MP3, huongeza ukimya kidogo kwenye ncha na lupu inajikwaa. Tumia WAV au OGG. Tabaka za utulivu, hatari na mapambano ziwe na tempo, kodi (chords) na urefu mmoja, kwa sababu injini (programu inayoendesha gemu) inazicheza pamoja na kupandisha sauti ya moja tu. Jifunze FMOD au Wwise, programu za kuweka sauti ndani ya gemu; kujifunzia ni bure. Timu ndogo haina mtu wa kukuwekea muziki ndani ya gemu.

Ala za asili ndiyo silaha yako, ila zina masharti. Ilimba ya Wagogo (ala ya vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba) imetuniwa kwa kufuata harmoniki, yaani sauti za juu zinazozaliwa na noti moja ya msingi: harmoniki ya saba iko senti 31 chini ya noti ya piano iliyo karibu nayo, na harmoniki ya tano senti 14 chini (senti 100 ni nusutoni moja). Ukiipiga pamoja na sinthi (kinanda cha kielektroniki), itasikika kama imeharibika. Watu hukimbilia kuinyoosha kwa plagini, na ladha yote inaishia hapo. Fanya kinyume: shusha noti hizo kwenye sinthi, au acha sinthi ishike noti ya msingi na ya tano tu ya skeli. Mpigaji alipwe na asaini karatasi ya kuruhusu rekodi itumike.

Mkataba utaje bei kwa dakika ya muziki uliokamilika, nusu kabla ya kuanza, masahihisho mawili bila malipo, na kwamba picha ikifunguliwa tena baada ya kufungwa, kutunga upya kunalipiwa. Uandike pia unauza haki zote au unaruhusu matumizi ndani ya kazi hiyo tu. Ni bei mbili tofauti kabisa. Sajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, au KECOBO ukiwa Kenya. Lupu za kununua usiziache zikiwa peke yake mahali popote: mwenzako akiitumia ileile na kuisajili kwenye Content ID (mfumo wa YouTube wa kutambua kazi zenye hakimiliki), trela ya mteja wako YouTube itadaiwa na mtu msiyemjua, na simu ya kwanza itakuja kwako. Zivunje, zipindue, zifunike na ulichopiga mwenyewe, na risiti ya leseni uihifadhi kwenye folda ya projekti hiyohiyo.