Mtu katolewa ziwani hapumui, tumning'inize kichwa chini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nauza dagaa kwenye mwalo mmoja huku Ilemela. Juzi kijana kama wa miaka 17 alizama karibu kabisa na mitumbwi, waliomtoa wakamshika miguu juu kichwa chini wakawa wanamtingisha na kumbonyeza tumbo. Maji yalitoka lakini hakuamka. Ndo inavyotakiwa hivyo? Na mbona hakupiga kelele wakati watu tulikuwa palepale?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, poleni sana, na waliomtoa msiwalaumu maana wengi wetu huku ziwani tumekua tunaona hivyohivyo.

Ila hapana, msimning'inize mtu. Aliyezama anakufa kwa kukosa hewa, na yale maji mliyoyaona yakitoka ni ya tumboni, ya kwenye mapafu hayakamuliki kwa kumtingisha. Halafu ukimbonyeza tumbo anatapika, matapishi yanaingia njia ya hewa, na muda wote huo ubongo hauna oksijeni, hapo kila dakika ina maana.

Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu kichwa kirudi nyuma kidogo, angalia kifua kama kinapanda, usizidishe sekunde 10. Kama hapumui mbane pua, funika mdomo wake na wako, mpulizie pumzi 5 za taratibu uone kifua kinainuka. Povu likitoka mdomoni usipoteze muda kulifuta, we puliza tu. Baada ya hapo weka viganja katikati ya kifua ukandamize mara 30, kwa nguvu, kishuke kama sentimita 5, haraka kama mara mbili kwa sekunde, kisha pumzi 2, tena 30, mnapokezana bila kuacha na mwingine anapiga 114 zimamoto au anatafuta gari. Akitapika mgeuze ubavu, safisha, endelea. Watu wengi wameshasikia habari ya kukandamiza kifua tu, lakini kwa mtu wa majini pumzi ndo zinaanza.

Kuhusu kelele, anayezama hana pumzi ya kupigia kelele. Mdomo unaibuka kidogo anavuta hewa unazama tena, mikono anaikandamiza kwenye maji pembeni kama mtu anayepanda ngazi, hawezi hata kukupungia, kwa hiyo ukiwa nchi kavu unaona kama anacheza. Inaweza isifike hata dakika moja ameshashuka. Ukimwona kijana kasimama wima majini, haendi mbele, kichwa kimelala nyuma, muulize "vipi, uko poa?" na asipojibu usisubiri.

Lakini usirukie maji, nakuomba sana hilo, hata kama unajua kuogelea, maana atakukumbatia shingoni mzame wote, nimeona familia inapoteza wawili siku moja. Chukua dumu tupu la lita 20 la mafuta ya kula, liwe na kifuniko kilichokaza, acha maji kidogo ndani kama kikombe kimoja ili lisipeperushwe na upepo ukilirusha, funga kamba ya mtumbwi kwenye mshikio. Linabeba mtu mzima vizuri tu. Lirushe lipite kichwa chake kidogo halafu uvute kamba imfikie mkononi. Hamna dumu, nyoosha kasia au mti, ila wewe lala kifudifudi usije ukavutwa. Ongea na BMU, kile kikundi kinachosimamia uvuvi hapo mwaloni, dumu moja na kamba ya mita kama 15 vining'inie kwenye nguzo karibu na maji na asivichukue mtu kuchotea maji.

Na akizinduka mlaze ubavu, mvueni nguo zilizolowa mumfunike khanga, apelekwe hospitali siku hiyohiyo hata kama anasema yuko fresh, maana mapafu yaliyoingia maji yanaweza kumbadilikia masaa kadhaa baadaye akiwa amelala nyumbani.