Wanataka tuelewane: nisaini?

SWALI: Nilikuwa mapokezi katika hoteli moja hapa Malindi, mshahara 28,000 kwa mwezi. Meneja alizoea kunishika kiuno na kunitumia ujumbe usiku. Nilipoandika barua ya malalamiko nikafutwa. Nimeshtaki. Sasa wakili wao ananipa 60,000 na karatasi ya kumaliza mambo yote. Nisaini?
— Wa Mapokezi

JIBU: Usisaini bado, dada. Kwa kufutwa isivyo haki peke yake, Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu mahakama kukupa hadi mishahara 12, kwako 336,000. Hicho ni kilele, si ahadi, na mara nyingi majaji hutoa pungufu. Lakini fidia ya unyanyasaji wenyewe huhesabiwa kando, na hapo hujagusa malipo ya notisi wala likizo usiyoichukua. Wanachokupa ni mishahara miwili na ushei.

Karatasi ndiyo hatari zaidi. Tafuta maneno "malipo kamili na ya mwisho". Ukishayasaini, umejifungia mlango, hata kama mkononi huna shilingi. Na wakisema watalipa kwa awamu, pesa hizo tunazijua: ya kwanza huja, ya pili hugongana na masika, hoteli imefungwa na hakuna wa kupokea simu. Kwa hiyo mapatano yaandikwe na mawakili wa pande zote mbili, yataje kiasi, tarehe na nani analipa gharama za kesi, kisha yawasilishwe katika mahakama iliyo na kesi yako yawe amri. Wakikwepa, unaomba utekelezaji na dalali wa mahakama anakwenda kuhesabu viyoyozi ili viuzwe ulipwe. Kesi isiondolewe kabla awamu ya mwisho haijaingia.

Wakitaka usiri, kutotaja kiasi si neno. Kukuzuia kwenda polisi, au kukutaka ufute zile meseji, kataa. Mkubwa wa kazi anayemsumbua mfanyakazi kingono ana kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006: kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua 100,000, au vyote viwili. Kesi hiyo ni ya serikali, haiuziki kwa hati yenu.

Uliza pia sera yao dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi analazimika kuwa nayo. Wakikosa, wakili wako ana pa kushika kwenye bei. Cheti cha utumishi nacho wasikupe kama hisani iliyopunguzwa kwenye pesa. Ni chako kisheria.