Maswali ya Wasomaji: Shimo Jeusi Lisiloonekana Hugunduliwaje?

SWALI: Ndugu Mhariri, huku Kongwa anga la kiangazi huwa safi mno, na nyota ni nyingi ajabu. Ikiwa shimo jeusi halitoi nuru yoyote, wanaastronomia hujuaje kuwa lipo?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Ndugu msomaji, hutazamwa nyota iliyo mwenzake shimo hilo. Nyota nyingi huishi mbilimbili zikizungukana, na nuru ya nyota inayoonekana ikichambuliwa kwa spektrografu, yaani chombo cha kutenganisha rangi za nuru, hutandazwa kama upinde wa mvua wenye mistari myembamba myeusi, ambayo mingine ni alama ya hidrojeni. Nyota ikija upande wetu mistari husogea kwenye buluu, ikituacha husogea kwenye nyekundu, sawa na honi ya treni pale Bahi, ambayo sauti yake hushuka mara tu kichwa kinapokupita. Kadiri mistari inavyosogea zaidi, ndivyo kasi ya nyota ilivyo kubwa; kutokana na kasi hiyo na muda wa mzunguko hukokotolewa kiwango cha chini kabisa cha tungamo (wingi wa maada) ambalo mwenza aliyefichika anaweza kuwa nalo. Likizidi sana mara 3 ya tungamo la Jua, hata nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichoshindiliwa mno cha nyota iliyokufa, haiwezi kuwa jibu.

Shimo liitwalo Gaia BH1, lililotangazwa mwaka 2022, lilianza kushukiwa kwa kuyumba kwa nyota inayofanana na Jua letu, kisha spektra, yaani nuru yake iliyotandazwa kama tulivyoeleza, zikathibitisha: mzunguko wa siku 186 hivi, tungamo la karibu mara 10 ya Jua, umbali wa miaka-nuru 1,600 hivi. Hata hivyo tahadhari inahitajika, kwani nyota hafifu iliyomezwa na mng'ao wa mwenzake imewahi kudhaniwa kuwa shimo jeusi.