Kura za wachezaji zinatuchagulia michoro mibaya: tufanyeje?

Swali: Salamu kutoka Mombasa, mhandisi. Sisi ni vijana watano, tuna gemu ya simu ya mbio za matatu. Tangu mwaka jana tunawaruhusu wachezaji watutumie michoro yao ya bodi za matatu na sare za makanga. Wenzao wanaipigia kura ya ndiyo au hapana, na kila mwisho wa mwezi tunachukua kumi ya juu tunaiweka dukani. Anayechaguliwa anapata sehemu ya mauzo. Mwanzoni ilinoga, sasa imetuharibikia. Wanaoshinda ni walewale watatu wenye wafuasi wengi TikTok. Michoro yao ikiingia kwenye gemu haipendezi wala hainunuliwi. Foleni ina michoro 640, na tukijitahidi sana tunapitia 40 kwa mwezi. Mwezi uliopita tukagundua mmoja tuliouza ni wa kuibwa, aibu tupu. Je, tubadilishe namna ya kuhesabu kura, au tuziache kabisa?

Jibu: Ndugu yangu, msiziache. Ila mmeitwisha kura mizigo mitatu, na wa kwake ni mmoja tu. Mnaitaka iseme kama faili ni zima na mchoro si wa wizi, kama watu wanaupenda, na kama gemu inauhitaji kwa sasa. La kwanza ni kazi ya kompyuta na macho ya mkaguzi. La tatu ni kazi yenu wenyewe. Kura ibaki na la katikati, na hata hilo italifanya vizuri ikiulizwa vizuri.

Kabla ya kura, tuanze na foleni, maana ndiyo inayowaumiza watu kimyakimya. Kuna kanuni ya foleni ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961, nayo inafaa hata kwenye kibanda cha chipsi: muda wa kusubiri ni idadi ya walio kwenye foleni ikigawanywa kwa idadi wanaohudumiwa kwa kipindi. Yenu ni 640 kwa 40, yaani miezi 16. Kijana wa Kisauni aliyetuma mchoro leo atajibiwa akiwa ameshahamia gemu nyingine. Hakuna kanuni ya kura itakayotibu hilo. Dawa ni kukataa mapema, na kukataa kwa mashine pale inapowezekana.

Kwa gemu ya simu, mashine inaweza kukataa mengi. Chukua ukubwa wa picha. Picha ya pikseli 2048 kwa 2048 yenye rangi kamili na uwazi, isiyobanwa, inakula takriban megabaiti 16 za kumbukumbu. Weka matatu 20 tofauti barabarani, umefika megabaiti 320 kwa rangi za bodi peke yake, na simu ya gigabaiti 2 itaanza kuhema. Picha ya 1024 kwa 1024 iliyobanwa kwa ETC2, njia ya kubana picha za gemu kwenye simu, inachukua megabaiti 1 hivi, kwa hiyo matatu yaleyale 20 yanabeba megabaiti 20. Basi wekeni kiolezo kimoja cha bodi, yaani umbo tupu ambalo kila mchoraji anachora juu yake, na ukubwa mmoja unaokubalika, na seva ifungue kila faili inapopokelewa: vipimo sawa, hakuna rangi iliyovuka mipaka ya kiolezo, vioo na taa havijafunikwa, namba ya gari inasomeka. Ikishindwa, mtumaji apate jibu papo hapo na sababu yake. Jukwaa la gemu la Roblox, kwa mfano, wana kikomo cha pembetatu 4,000 (vipande vinavyojenga umbo la 3D) kwa kipambo kigumu kama kofia, na ukizidisha faili haipiti, uwe maarufu usiwe maarufu. Hakuna mtu anayegombana na rula.

Pia wekeni muda wa mwisho. Mchoro ambao umekaa siku 60 bila kuchaguliwa ufungwe wenyewe, na mwenyewe aambiwe. Najua inasikika kama ukatili. Lakini niliwahi kufanya kazi mahali ambapo tuliwakataa wachache sana, wengine tuliwaacha tu wakisubiri, na barua za matusi tulizopata zilitoka kwa waliosubiri. Wale wachache tuliowakataa walirudi na kazi bora zaidi.

Sasa kura. Mkipanga kwa jumla ya ndiyo, mnapima nani ameonekana na wengi. Aliye juu anaonekana zaidi, akionekana anapigiwa zaidi, akipigiwa anapanda tena. Wengi wakishaona hivyo hukimbilia asilimia, nayo ina ugonjwa wake. Tazama michoro mitatu. Wa kwanza una ndiyo 1,800 kati ya kura 3,000, wa pili 9 kati ya 10, wa tatu 850 kati ya 1,000. Kwa jumla, wa kwanza ndiye bingwa, ingawa watu wanne kati ya kumi waliukataa. Kwa asilimia, bingwa ni wa pili mwenye 90, na huenda waliompigia ni binamu zake.

Tumieni kipimo cha Wilson, kilichochapishwa mwaka 1927. Kinauliza: kwa kura hizi chache au nyingi, asilimia halisi ya wanaoupenda haiwezi kuwa chini ya ngapi, tukiwa na uhakika wa kutosha? Ikiwa p ni sehemu ya ndiyo, n ni idadi ya kura, na z ni 1.96 (namba inayoweka kiwango cha uhakika), basi:

(p + z²/2n − z·√(p(1−p)/n + z²/4n²)) ÷ (1 + z²/n)

Mchoro wa tatu unapata 0.83, wa pili 0.60, wa kwanza 0.58. Mpangilio umegeuka, na nadhani hata wewe ukiitazama michoro yenyewe utaona huu ndio wenye haki. Ni mstari mmoja wa msimbo, mnaweza kuuweka leo jioni.

Lakini hesabu haiwezi kusafisha kura zilizoingia chafu. Tatizo lenu la TikTok halimo kwenye hesabu, limo mlangoni. Mtu mwenye wafuasi anaweka kiungo, wafuasi wanafuata kiungo, wanabonyeza ndiyo, wanaondoka bila kuona mchoro mwingine wowote. Kura iliyoletwa na kiungo isihesabiwe kwenye uteuzi. Iacheni ionekane kama pongezi chini ya mchoro, watu wafurahi, ila isiingie kwenye kipimo. Kura inayohesabiwa iwe ile ambayo nyinyi ndio mliochagua mpiga kura aone nini: mchezaji mwenye saa kadhaa za kucheza, anasubiri mbio zianze, anaonyeshwa michoro miwili iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, anagusa anaoupenda. Kuchagua kati ya viwili ni rahisi kuliko kutoa ndiyo kavu, maana mtu akiulizwa kuhusu kitu kimoja huwa anajibu kwa adabu. Kila ushindi hesabuni kama ndiyo, kila kushindwa kama hapana, kipimo cha Wilson kinafanya kazi vilevile. Mkitaka ya kisasa zaidi kuna kanuni ya Bradley na Terry ya 1952, ya kupanga vitu vinavyolinganishwa viwili viwili, lakini kwa timu ya watu watano sioni haja.

Mnahitaji wapigaji wangapi? Tuseme baada ya mchujo wa mashine imebaki michoro 300, na mnataka kila mmoja uonekane mara 150. Hizo ni mara 45,000. Mchezaji akifanya jozi 10 ameona michoro 20, kwa hiyo mnahitaji vipindi 2,250 vya kupiga kura. Wapeni sarafu kidogo za gemu kwa kazi hiyo, mtavipata.

Kuna jambo ambalo hujaliuliza lakini ndilo naona linaeleza kwa nini washindi wenu hawanunuliwi. Watu wanapigia kura kijipicha. Mchoraji mwerevu anaiweka matatu yake kwenye mwanga wa machweo, kamera chini, barabara imelowa, taa za zambarau zinaakisi kwenye maji. Nani atakataa? Kisha mchezaji anainunua na kuiona kama gemu inavyoionyesha: kutoka nyuma na juu kidogo, jua la saa sita, ukubwa wa kidole gumba. Maandishi madogo yote yamekuwa uchafu. Valve, kampuni ya kutengeneza gemu, walilielewa hili mapema kwenye Dota 2, gemu inayotazamwa kutoka juu. Mwongozo waliowapa wachoraji unasisitiza umbo la nje litambulike kwa mbali, na rangi zing'ae zaidi sehemu za juu za mhusika na kufifia kuelekea miguuni, ili jicho liende panapostahili. Nyinyi pigeni marufuku picha za mtumaji kwenye kura. Seva yenu iuchukue mchoro, iuvike kwenye bodi ileile, mwanga uleule, kamera ileile ya mchezo, na hiyo ndiyo picha ya kupigiwa kura. Mwenye kipaji cha kupamba tangazo atabaki na tangazo lake.

Kuhusu wizi, msijione wa kwanza. Mwaka 2014 gemu ya Valve ya Counter-Strike: Global Offensive ilitoa skini, yaani pambo la nje, ya bunduki ya M4A4 iitwayo Howl, iliyotumwa na wachezaji na kupita uteuzi wote. Ikabainika mchoro ulikuwa wa msanii mwingine. Valve waliiondoa kwenye kasha la bahati nasibu ilimokuwa ikipatikana, wakachora upya picha yake wenyewe, wakawafungia waliotuma, na zile zilizokwisha kununuliwa wakazipa daraja la peke yake, la magendo. Leo ni miongoni mwa skini za bei kubwa zaidi kwenye Counter-Strike. Kwa hiyo hata kampuni yenye fedha hupigwa chenga. Unachoweza kufanya ni kumpandishia mwizi gharama. Atakayefika hatua ya mwisho, na huyo tu, adaiwe faili la kazi lenye matabaka yake, yaani tabaka za uchoraji zikiwa bado zimetengana. Mwizi wa picha huwa hana matabaka. Mtu mmoja wa timu autafute mchoro mtandaoni kwa picha kabla haujatoka. Na malipo yakae siku 45 kabla ya kutolewa, muda ambao mwenye mali akijitokeza bado kuna cha kumrudishia.

Na kwa gemu ya matatu kuna shimo la ziada. Nairobi na Mombasa mtu anachora sura ya mwanasoka au mwanamuziki ubavuni, nembo ya klabu ya Ulaya mlangoni, na gari linapita. Ndiyo uzuri wa matatu, na mimi wa Dar huku na daladala zetu za mistari nawaonea wivu. Lakini gemu inapouza picha hiyo, nyinyi ndio wauzaji, si dereva. Wekeni sharti bayana: hakuna sura ya mtu halisi, hakuna nembo ya mtu mwingine. Wachoraji watalalamika wiki mbili, kisha wataanza kubuni nembo zao, na ndipo gemu yenu itakapopata sura yake.

Kipimo kikishatoa, tuseme, michoro 25 ya juu, nyinyi ndio mchague inayotoka. Msione haya kuwa wahariri. Kwenye karakana ya Steam, sehemu ya duka la gemu la Valve ambapo wachezaji hutuma kazi zao, iliyofunguliwa mwaka 2011 kwa gemu ya Team Fortress 2, kura za wachezaji zinatazamwa lakini Valve ndio wanaoamua. Mnaweza kuwa na bodi nane nyekundu kwenye kumi bora na sare hakuna hata moja. Kura haioni hilo, kwa sababu kila mpiga kura anaona jozi yake tu. Wekeni nafasi mbili kila mwezi kwa ambao hawajawahi kuchaguliwa, na mtu mmoja asipate zaidi ya nafasi moja. Kisha punguzeni kumi ziwe nne au tano. Gemu ya Rust hutoa skini mpya dukani kila wiki, chache chache, na uchache huo unakifanya kila kitu kitazamwe. Kumi kwa mpigo zinauana zenyewe.

Malipo sitayasemea sana, isipokuwa asilimia iandikwe wazi kabla mtu hajatuma. Team Fortress 2 waliposema asilimia 25 ya mauzo mwaka 2010, wachoraji watano wa kwanza walipata kati ya dola 39,000 na 47,000 kila mmoja kwa wiki mbili za mwanzo. Hamtafika huko, lakini ahadi inayosomeka ndiyo inayoleta wachoraji wazuri. Na kwa msomaji mwingine anayewaza kutuma kazi zake kwenye duka la kampuni ya Marekani moja kwa moja: Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na nchi hiyo, kwa hiyo mrabaha unaotoka huko kwa kawaida hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 30 kabla haujakufikia. Ingiza hilo kwenye hesabu zako.

Kwa hao 640 walioko foleni sasa, msianze kuwapitia mmoja mmoja. Andikeni orodha fupi ya sababu, isizidi nane, kila moja na namba. Pitisheni michoro yote kwenye ukaguzi wa mashine usiku mmoja, na kila aliyeanguka apate ujumbe wa aina hii: “Mchoro wako umekataliwa kwa sababu namba 2: rangi imefunika kioo cha mbele. Kiolezo kipya kiko hapa. Ukirekebisha, utaingia kwenye kura ya mwezi ujao bila kupanga foleni tena.”